Baba na Harusi ya Desemba

Jumanne, 9 Septemba

Darasa langu la Kiingereza kwa wageni limeanza tena leo, chumba kile kile cha nyuma ya kanisa, redieta ile ile inayogugumia bila kutoa joto. Wamerudi Zarmina na Mehari, na sura mpya nne. Nimefundisha salamu na hali ya hewa, kisha nikajikuta nimesimama ubaoni chaki mkononi nisijue naandika nini.

Jumapili Alasdair aliniomba nimuoe. Ndivyo alivyosema, kwa kujichanganya, kisha akajisahihisha. Nina miaka hamsini na saba. Nimekubali. Tarehe ishirini Desemba, halafu nihamie kwake Kelso, upande wa pili wa mpaka wa Uskoti, safari ya saa tatu kwa gari.

Sijamwambia Baba.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua. Sijamwambia.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemwambia tukiwa mezani. Alimaliza viazi vyake, akafuta mchuzi kwa mkate, akasema, "Desemba barabara za kule huwa na theluji." Basi. Akaenda kuangalia mpira.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Hili sikujiandaa nalo. Ana miaka themanini na minne, na tangu Mama afariki tumekuwa wawili tu ndani ya nyumba hii. Nikiwa na miaka ishirini na saba nilipata kazi ya kufundisha Ureno, nikanunua hadi sanduku, Mama akaugua, nikabaki. Hakuna aliyeniomba nibaki. Ndiyo maana naogopa watu wasioomba.

Jumanne, 16 Septemba

Mehari ameingia darasani uso umemwiva. Anafanya kazi kiwanda cha biskuti.

"Mwalimu, naweza kufungwa?"

"Kwa lipi?"

"Supavaiza kaniambia nimetupa spana kwenye mashine. Haki ya Mungu sikugusa spana. Sina hata ufunguo wa stoo ya vifaa."

"Ulifanya nini kabla hajasema hivyo?"

"Niliomba nibadilishiwe zamu ya Ijumaa."

Nikamweleza kwamba Mwingereza husema hivyo mtu akivuruga jambo lililokuwa linakwenda, na kwamba hakuna spana yoyote. Zarmina alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. "Siku tatu hajalala, Mwalimu. Mke wake kanipigia simu mimi, eti nimtafutie wakili."

Basi wote wakataka nahau za namna hiyo, za kukwamisha na kuharibu mambo, kwa sababu ndizo wanazorushiwa kazini. Nimewaahidi kila wiki moja.

Jioni nikamuuliza Baba kuhusu ile spana. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma kwenye kiwanda cha pamba hadi kilipofungwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili amesema zaidi ya maneno matano. Akanisimulia juu ya mfumaji mmoja, Enoch, aliyetupa spana ya kweli.

"Ghorofa nzima ikasimama," alisema. "Kimya kile, nikasikia ndege nje. Miaka sita nipo pale, sikujua kuna ndege."

"Alifukuzwa?"

"Siku hiyo hiyo. Ila kuanzia pale hakujinunulia bia hata moja, wenzake walimlipia."

Alikuwa anatabasamu. Nilifurahi kumwona hivyo. Sasa naandika, na sipendi alivyotabasamu.

Jumamosi, 27 Septemba

Leo nilikuwa niende Kelso kuiona nyumba. Asubuhi Baba akabaki kitandani, blanketi hadi kidevuni. Anatetemeka, viungo vinauma, koo linauma, mgongo unauma. Aliyaeleza yote moja baada ya jingine. Nikampa chai na kipimajoto, nikashuka kumchemshia maji ya kumkanda. Niliporudi kilisoma thelathini na tisa na nusu.

Nikampigia Alasdair. "Mtunze mzee," alisema. "Nyumba haiendi kokote." Halalamiki kamwe. Maisha yake yote amekuwa fundi wa kurekebisha piano, mtu wa kugonga noti moja mara mia hadi ikae sawa. Nikamaliza simu nikiwa na hatia pande zote mbili.

Saa kumi Baba alikula pai nzima ya nyama.

Jumatatu, 29 Septemba

Mzima kabisa. Mvua.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempeleka Baba darasani. Anasema tangu ile homa anaogopa kukaa peke yake. Nilidhani atalala kwenye kiti.

Nilikuwa nafundisha ile ya kupindua mkokoteni wa matufaha, yaani kutibua mpango wa watu uliokuwa umepangika vizuri. Baba akainuka bila kuombwa, akapanga viti viwili vikawa mkokoteni, akauvuta chumba kizima akimwita mnunuzi, halafu akaupiga teke.

Zarmina akauliza, "Mzee, kwa nini matufaha? Viazi vikimwagika si hasara ile ile?"

"Viazi havichubuki, bibie. Viazi unaokota unaendelea na safari."

Kila mtu akaandika. Mehari akamtengenezea chai, wakakaa wakizungumza juu ya mashine za kukata biskuti hadi mhudumu wa kanisa akaja na funguo. Kwenye gari Baba alisema, "Yule kijana ana akili ya ufundi." Kisha baada ya taa mbili za barabarani: "Darasa utamwachia nani?"

Sijui.

Jumamosi, 18 Oktoba

Alasdair kaja kula chakula cha mchana. Baba alivaa tai. Alimsifia gari, akamuuliza juu ya piano, akamkatia kipande kikubwa cha nyama. Kwenye kitindamlo akaweka kijiko chini. "Nataka mjue kitu. Mimi sitaki kuwa kijiti kwenye gurudumu la mtu."

Alasdair aliguswa sana. Mlangoni akaniambia, "Baba yako ni muungwana, Lorna." Nikaona aibu kwa niliyokuwa nikiyafikiria.

Jumatano, 22 Oktoba

Saa tatu na nusu nilikuwa na miadi kwa msajili wa ndoa, kutoa taarifa ya kuoana. Lazima niende mwenyewe, na lazima iwe mwezi mmoja kabla. Nilipowasha gari, kimya. Hata taa haikuwaka. Teksi ikachukua dakika arobaini kwa sababu ya mafuriko kule darajani, na nilipofika dirisha la mapokezi lilikuwa na mtu mwingine, na msichana akasema pole, nafasi inayofuata ni tarehe tano Novemba.

Tarehe tano bado inatosha, lakini nikiikosa na hiyo nitachelewa. Nimerudi nyumbani nimelowa. Baba alikuwa amewasha moto.

"Umechelewa?" aliuliza.

"Gari."

"Ah. Unyevu huu." Akanivutia kiti karibu na moto, akanitolea soksi zake nzito. Alikuwa mpole sana.

Alhamisi, 23 Oktoba

Fundi gari amekuja. Alifungua boneti, akachungulia, akaniuliza kama nina watoto watundu jirani.

"Kwa nini?"

"Fyuzi kubwa. Haijaungua, dada. Haipo."

Jumamosi, 25 Oktoba

Sijamuuliza. Nikimuuliza na si yeye, nitakuwa nimemtukana mzee wa miaka themanini na minne. Nikimuuliza na ni yeye, itabidi niishi na mtu niliyemjua hivyo. Kwa hiyo nafunika chai yake, napokea asante yake, na kila anapopita karibu na kitu changu namfuata kwa macho. Funguo za gari nalala nazo chini ya mto.

Jumanne, 28 Oktoba

Darasani leo Baba ameeleza ile ya kummwagia mtu maji baridi kwenye wazo lake. Wanampenda. Mimi nilikuwa dirishani naangalia mvua ikijaza mfereji.

Jumatano, 5 Novemba

Nimetoa taarifa. Nilikwenda kwa miguu, maili mbili, nisimtegemee mtu wala chombo. Jioni fataki mji mzima, kama kila tarehe tano Novemba.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua. Baba kauliza mara mbili kama Kelso kuna hospitali. Sikujua anauliza kwa ajili yangu au kwa ajili yake.

Ijumaa, 14 Novemba

Mkoba wangu ulikuwa mlangoni. Nilikuwa niende Kelso siku mbili, mara ya kwanza kulala huko, na jirani yetu Beryl alikubali kumwangalia Baba. Nilikuwa nafunga vifungo vya koti niliposikia kishindo, kisha kitu kama gunia linaburutwa, kisha hakuna.

Alikuwa chini ya ngazi, amelalia ubavu, mkono wa kulia chini yake. Hakupiga kelele. Alinitazama kama mtoto aliyevunja kikombe.

Na mimi kitu cha kwanza kilichonijia si huruma. Nataka niandike hili kama lilivyokuwa. Nilitazama mkoba, nikamtazama yeye, nikafikiri: ameona gari hawezi tena kuligusa.

Hospitali tulikaa saa sita. Kifundo cha mkono kimevunjika; wamemfunga plasta ngumu hadi karibu na kiwiko. Muuguzi akamuuliza alivyoanguka. Akasema soksi ziliteleza. Nikasema, mbele ya muuguzi, "Umeichagua siku vizuri, Baba."

Muuguzi aliacha kuandika. Baba akageukia ukuta.

Jumamosi, 15 Novemba

Namvalisha soksi. Namkatia nyama. Hatuzungumzi.

Jumanne, 18 Novemba

Baba kakataa kuja darasani. Wote wameniuliza. Baada ya kipindi Zarmina akabaki kunisaidia kukusanya vikombe, na sijui kwa nini nikamweleza kila kitu, gari, homa, ngazi. Nilitegemea aseme ni mzee, mvumilie.

Alikausha kikombe kimoja muda mrefu. "Asubuhi niliyotoka Herat, mji wetu," alisema, "baba yangu alificha viatu vyangu. Gari lipo nje, dereva anapiga honi, sisi sote tunatafuta viatu. Chini ya vitanda, kwenye tanuri. Naye anatafuta na sisi."

"Ulifanyaje?"

"Niliondoka na kandambili za kaka. Theluji ilikuwa hapa." Akaonyesha kifundo cha mguu. "Nilimkasirikia hadi mpakani. Mwaka wa pili mama akanipigia, akasema viatu viko kwenye sanduku lake la nguo, hataki viguswe."

"Na sasa humkasirikii?"

"Sasa amekufa, Mwalimu. Namkasirikia bado. Mguu mmoja hauna vidole viwili." Akakiweka kikombe kabatini. "Muulize baba yako angali hai."

Jumapili, 23 Novemba

Nimemuuliza.

Nilisubiri amalize kunywa chai kwa mkono wa kushoto. Nikazima televisheni, nikakaa kwenye kigoda mbele yake ili asipate pa kugeukia.

"Baba, fyuzi ya gari langu iko wapi?"

Alikiweka kikombe chini. Niliogopa atanidanganya, niliogopa zaidi kuliko nilivyoogopa ukweli.

"Kwenye mfuko wa koti langu la mvua," alisema. "Nilitaka kuirudisha usiku ule. Ukaita fundi."

"Na homa?"

"Kipimajoto nilikitia kwenye chai."

"Na ngazi?"

Hapo akainua kichwa. "Ngazi hapana."

"Baba."

"Ngazi hapana, Lorna. Nilikuwa nashuka nikubebee mkoba hadi kwenye gari. Nilisema nimuoneshe mtoto kwamba sina kinyongo. Nikavaa soksi zile nzuri." Akakwaruza ukingo wa plasta. "Uliposema lile neno hospitali sikuwa na la kujibu. Ningejibu nini? Nani angeniamini?"

Nilianza kulia kwa hasira. Nikamwambia kuhusu Ureno, na lile sanduku, na miaka thelathini. Nikamwambia kwamba angesema tu, angeniambia usiende naogopa, ningejua la kufanya.

"Ungebaki," alisema. "Hilo ndilo ungefanya. Nisingeweza kukuomba hivyo, si jambo la haki. Kwa hiyo nikafanya la kijinga badala yake."

"Unaogopa nini hasa?"

Alitazama dirishani. Nje mvua ilikuwa imeacha, na mifereji ilikuwa bado inatiririka.

"Jioni," alisema. "Kuanzia saa kumi na moja. Mchana nitauweza."

Jumanne, 25 Novemba

Baba amerudi darasani na mkono wake kwenye kitambaa. Mehari ameichora plasta spana kubwa. Baba alicheka. Mimi nilicheka nikatoka nje kidogo.

Jumatano, 3 Desemba

Kaniambia nimpeleke akaone makao ya wazee yaliyo karibu na bustani ya mji. Mimi sikuwahi kulitaja hilo. Aliyakagua kama anakagua kiwanda: aligonga mabomba, aliuliza chakula cha Ijumaa, akakaa dakika kumi na wazee watatu wanaocheza dhumna. Akatoka akasema, "Wanacheza vibaya sana. Nitahamia baada ya Krismasi."

"Una uhakika?"

"Usinihurumie. Saa kumi na moja kuna watu pale."

Jumatatu, 8 Desemba

Anakubali kila kitu. Ameninunulia mwavuli mweupe. Amepiga pasi shati lake kwa mkono mmoja. Nami ndio kwanza silali. Kila asubuhi nasubiri nisikie kishindo, mlio, bomba limepasuka. Nikimwona anatulia nafikiri anapanga. Ametubu na mimi sijajua jinsi ya kumwamini.

Jumanne, 16 Desemba

Kipindi cha mwisho. Keki. Beryl atalichukua darasa baada ya likizo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ana sauti ya kutosha. Zarmina kanipa jozi ya soksi za sufi alizofuma mwenyewe.

Ijumaa, 19 Desemba

Gari la Alasdair limefika salama. Hakuna theluji. Gari langu linawaka. Nimeliwasha mara tatu.

Jumapili, 21 Desemba

Sikuandika jana. Naandika sasa kwenye korido ya wodi, kwenye karatasi za nyuma za shajara hii, gauni likiwa bado kwenye mfuko wa plastiki miguuni.

Jana asubuhi Baba aliamka kabla yangu. Alikuwa amenyoa, amekaa jikoni na suti yake ya kijivu, mkono mmoja wa koti umening'inia juu ya plasta. Nikamuuliza amelala vipi. "Vizuri." Anataka uji? "Hapana, asante." Nilikuwa na nywele zangu na maua yangu, sikumtazama tena.

Kwenye gari alikaa nyuma. Alasdair alikuwa ametangulia. Barabara ilikuwa nyeupe kwa baridi, na mimi naendesha kwa uangalifu, nikamwona kwenye kioo. Shingo ilikuwa inang'aa kwa jasho. Nje ilikuwa chini ya nyuzi sifuri, na yeye ameteremsha dirisha.

"Baba, unaumwa?"

"Tai imekaza."

Hakusema kingine. Tulifika mbele ya ofisi ya msajili. Alasdair amesimama kwenye ngazi, Zarmina na Mehari wamevaa vizuri kweli kweli, Beryl na kamera. Nikazima gari nikageuka. Baba alikuwa ameibana plasta kifuani kwa mkono wa kushoto, na midomo ilikuwa rangi ya majivu.

"Ingia ndani," alisema. "Nakuja. Nipe dakika moja."

Na hapo, niseme kweli, moyo wangu uligawanyika. Sehemu moja ikasema: haya, hii ndiyo, alikuwa anaiweka kwa ajili ya leo. Nilimtazama. Nikakumbuka ile homa ya Septemba, alivyoniorodheshea koo na mgongo na viungo. Alipokuwa anadanganya alisema mengi. Sasa hasemi kitu, na anajitahidi kuketi wima nisione.

"Wapi panauma?"

"Hapaumi popote. Lorna, ingia ndani, wanakusubiri."

Nikawasha gari. Alasdair aliona uso wangu, akakimbia na suti yake akaingia upande wa mbele bila kuuliza kitu. Hospitali si mbali. Baba alikuwa ananisihi njia nzima, sauti ikizidi kuwa ndogo. "Geuza. Dakika kumi tu ile shughuli. Nitasubiri kwenye gari. Geuza, mwanangu." Tulipoingia kwenye geti la dharura alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwa Mama. "Nimekuharibia tena," alisema. "Na leo sikutaka. Leo wallahi sikutaka."

"Najua," nilimwambia. "Najua, Baba. Hukutaka."

Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Daktari alisema maumivu lazima yalianza alfajiri, na kwamba angekaa nusu saa zaidi kwenye kiti cha ukumbini asingetoka pale. Aliniuliza kwa nini hakusema mapema. Nilimtazama Alasdair, Alasdair akatazama viatu vyake.

Jumatano, 24 Desemba

Amekula. Amemlalamikia muuguzi kwamba kitanda kinapiga kelele, na angekuwa na vifaa vyake angekitengeneza.

Jumamosi, 10 Januari

Tumeoana. Ilichukua dakika kumi na mbili. Baba kwenye kiti cha magurudumu, Mehari akimsukuma, wakibishana njia ya kupita.

Jumapili, 18 Januari

Leo nimemwacha. Chumba chake kina dirisha la bustani. Nimempangia nguo, nikampangia tena. Mwishowe akasema, "Utachelewa, na giza linaingia mapema." Hakunishika mkono. Nilipofika kwenye gari niligeuka, dirishani hakuwepo.

Saa tatu za barabara nilisubiri simu iite. Haikuita.

Jumatatu, 19 Januari. Kelso

Saa kumi na moja kamili nimempigia. Nilikuwa nimejipanga: asemayo yote nitayasikiliza, akiniomba nirudi nitaondoka usiku huu huu. Mkoba sijaufungua.

Msichana wa makao akaenda kumwita. Nikasikia vicheko, nikasikia kete za dhumna zikigongwa mezani, nikasikia sauti ya Mehari akibisha. Kumbe amepitia huko akitoka zamu. Kisha nyayo zikirudi.

"Anasema yuko katikati ya mchezo, mama. Anasema piga kesho."

"Yuko sawa?"

"Anashinda," alisema msichana. "Na anawatambia wenzake."

Nikaweka simu chini. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba hii ambayo bado sijui taa zake zinawashwa wapi, mikono mapajani, nisijue niifanyie nini. Chumba cha pili Alasdair alikuwa anagonga noti moja, anaisikiliza, anaigonga tena. Halafu akaacha.

"Mzee anasemaje?"

"Anasema nipige kesho."

"Basi njoo ule," alisema, nami nikainuka nikaenda.